Ndege ya mafunzo ikianguka lawama za kwanza ni za mwanafunzi. Tuongelee ukweli wa ile ajali ya Wilson

Mpiga Saketi (mwanzisha uzi):

Wakuu habari za humu. Nimeamua kuweka huu uzi kwa sababu kila ndege ndogo ya mafunzo ikipata ajali maoni ni yale yale, mwanafunzi kakosea, watoto wa wenye hela wanajifunzia juu ya vichwa vyetu, na ndani ya saa moja kesi imeshafungwa na mtu ambae hajawahi kukaa hata kiti cha mbele cha Cessna. Mimi leseni yangu ya PPL, yaani ya rubani binafsi, nimeisomea hapo hapo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na ile ajali ya 5 Machi 2024 mpaka leo sijaimeza, kwaiyo naomba tuijadili kwa utaratibu.

Kwa waliosahau. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Dash 8, ndege ya abiria ya shirika la Safarilink, imeondoka Wilson inaelekea Diani, abiria 39 na wafanyakazi 5, jumla watu 44. Haijafika mbali wakasikia kishindo kikubwa, marubani wakaamua kugeuza na kurudi Nairobi, wakatua, watu wote 44 wakashuka hai. Walichogongana nacho ni Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ya chuo cha urubani, ndani kulikuwa na watu wawili tu, mwalimu na mwanafunzi wake, wako kwenye somo. Ile Cessna ikaangukia ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na wote wawili wakafariki.

Nani alikosea hilo ni la wachunguzi, wale AAID wa Wizara ya Uchukuzi kule Kenya, mimi siingilii. Ninachotaka kusema ni hiki: pale Wilson, na viwanja vingi tu duniani, tumechanganya ndege za abiria zenye mwendo na ndege za wanafunzi zisizo na mwendo kwenye anga moja finyu, alafu kinga kubwa tuliyowapa ni macho yao. Na macho ya binadamu hiyo kazi hayaiwezi. Hilo halina uhusiano na mwanafunzi ni mzembe au ni hodari.

Nitaeleza saketi ni nini maana bila hiyo hatutaelewana. Ukianza urubani muda mwingi unazunguka uwanja. Unapaa, unakata kona, unakata nyingine, unarudi sambamba na ranwei huku uwanja uko upande wako, urefu wa kama futi 1,000 toka ardhini, unakata tena, unashuka, matairi yanagusa lami, unasukuma throto, ule mkono wa nguvu za injini, mpaka mwisho unapaa upya bila kusimama. Unarudia na kurudia mpaka mkono uzoee. Sasa wakati wewe unazunguka hivo ndo ndege za kwenda Mara, Diani, Lamu na Lodwar nazo zinatoka na kuingia humo humo.

Kichwa Maji Moto:

Mkuu pole kwa kuguswa lakini mimi sikubaliani. Ndege ni ya mafunzo, mwanafunzi ndo kashika usukani, utasemaje hahusiki? Abiria kalipa nauli yake anaenda Diani kupumzika hajui kama juu huko kuna mtu anajifunza. Watu 44 wangeondoka siku moja. Mimi naona wenye ndege za kujifunzia watafutiwe sehemu yao wakae huko, kwisha.

Mpiga Saketi:

Kaka nimekuelewa na hiyo hoja ya kuwahamisha nitaifikia, ina uzito. Ila hili la mwanafunzi ngoja niliweke sawa.

Cessna 172 ina usukani mbili na pedali seti mbili. Mwanafunzi anakaa kushoto, mwalimu kulia, na chochote anachoweza kufanya mwanafunzi mwalimu anaweza kukifanya au kukizuia muda huo huo. Kabla ya kuanza safari mnakubaliana namna ya kubadilishana, mmoja anasema nimechukua ndege, mwenzake anaachia mikono na kujibu umechukua ndege, wa kwanza anarudia tena, yaani mara tatu ili pasiwepo dakika ambayo kila mtu anadhani mwenzake ndo anaendesha. Kwenye karatasi za safari, nahodha ni mwalimu. Hata kama mwanafunzi ndo anarusha toka mwanzo mpaka mwisho, nahodha ni mwalimu. Kwaiyo unaposema "mwanafunzi" kwenye safari yenye mwalimu unamsema mtu ambae kisheria hajabeba ile ndege.

Na kuhusu kuangalia nje, hilo ndo somo la kwanza kabisa hata kabla ya kujua kutua. Ndege hii bawa liko juu ya kichwa chako. Ukitaka kukata kona kushoto, bawa la kushoto linalala chini na kukuziba kabisa upande ule ule unaoelekea. Kwaiyo tunafundishwa kuinua bawa kidogo kwanza, unachungulia chini yake, unatamka kwa sauti kushoto kupo wazi, ndo unakata. Mwalimu wangu alikuwa hataki kuona kichwa kinatikisika tu kama ishara, alitaka jicho lisimame kipande kwa kipande cha anga kwa sababu jicho likiwa linatembea halioni kitu kidogo. Huo ndo umakini wanaofundishwa hawa watoto mnaowaita wazembe.

Fundi wa Hanga:

Naongezea hapo kwa sababu nimefanya kazi kwenye aina zote mbili. Watu wanadhani ndege kubwa inaona vizuri zaidi. Dash 8 nayo bawa liko juu, na ikiwa inapaa pua imeinuka, mbele kwa chini rubani haoni kitu. Cessna ikiwa chini kidogo na mbele ya ndege inayopaa kwa nyuma yake, wa nyuma pua inamziba, wa mbele hana kioo cha kuona mgongoni. Wote wawili wanaweza kuwa wanaangalia nje kwa bidii zote na wasionane. Sisemi ndivyo ilivyokuwa siku ile, nasema maumbile ya ndege yako hivo.

Kingine ni mwendo. Cessna kwenye saketi iko noti 70 mpaka 90 (noti ni kipimo cha mwendo, moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa). Dash 8 ikishaacha ardhi inakimbilia 130 na kuendelea.

Mpiga Saketi:

Asante fundi, umenirahisishia. Sasa wakuu chukueni hizo namba tufanye hesabu kidogo.

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ina makadirio yake ya muda anaohitaji rubani toka kitu kinaingia kwenye jicho mpaka ndege yenyewe inaanza kuhama njia. Kuona, kutambua kuwa ile ni ndege, kugundua kuwa tunaenda kugongana, kuamua ukwepe wapi, mikono kusogea, alafu ndege yenyewe kuitika. Jumla sekunde 12.5. Kubwa kuliko zote ni ile ya kugundua kwamba mnagongana, sekunde 5 peke yake.

Ndege mbili zinaelekeana, moja noti 90 nyingine 130, zinasogeleana mita zaidi ya 110 kila sekunde. Zidisha kwa 12.5 unapata karibu kilomita moja na nusu. Maana yake ukiiona ndani ya hapo umechelewa. Na Cessna 172 mabawa yake yote toka ncha mpaka ncha ni mita 11, mwili wake ukiutazama kwa mbele ni upana wa watu wawili waliobanana bega kwa bega. Nyeupe, kwenye anga la asubuhi, na chini yake kuna mji wa Nairobi wenye mabati yanayong'aa.

Alafu lipo hili ambalo mtu asiyeruka hawezi kulijua. Ndege ambayo mtagongana nayo haitembei kwenye kioo chako. Jicho la binadamu linavutwa na kitu kinachotembea, sasa ndege itakayokupita itaonekana inasogea kushoto au kulia na utaiona haraka. Lakini ile mnayoenda kukutana nayo pointi moja inakaa pale pale kama doa la mdudu aliyegonga kioo, ndogo, haikui, haikui, alafu sekunde chache za mwisho inajaa kioo kizima. Hicho kitu kinatisha kuliko injini kuzima, maana injini ikizima angalau una kazi ya kufanya.

Msafiri wa Pwani:

Aisee. Mimi hiyo ndege ya Diani nimeipanda sana, muda mfupi uko baharini. Sijawahi kuwaza haya mambo. Swali langu, si kuna mnara pale? Wale wanaoongea na marubani wanafanya kazi gani? Na hizo ndege kubwa si zina mashine ya kuonya kwamba kuna ndege mbele? Nimeiona kwenye video ikiongea yenyewe.

Mzee wa Mnarani:

Naomba nijibu la mnara, nimestaafu hiyo kazi ya kuongoza ndege, sikufanyia Wilson lakini kazi ni moja.

Kijana wangu, ndege zinazoruka kwa kuona kwa macho haziongozwi kwa namna watu wanavyodhani. Mwongoza ndege hamshiki mkono kila mmoja. Anachofanya ni kumpa taarifa: una Cessna mbele yako kushoto, futi kadhaa, itafute. Rubani anatafuta, akiiona anajibu naiona. Akishasema naiona, jukumu la kuikwepa linahamia kwake. Hapo ndo pagumu maana naiona inaweza kuwa ni ndege nyingine kabisa, au aliiona kweli akaipoteza na hakusema. Na redio ni moja, mnaigombania. Mwanafunzi anaongea polepole, anarudia maneno, wakati huo huo kuna mwenye mgonjwa anataka kutua, kuna wa Mara anaomba kuwasha injini. Sekunde ambazo redio imeshikwa na mmoja hakuna mwingine anayeweza kuonywa. Hiyo kazi inataka kichwa kilichotulia na watu wa kutosha kwenye zamu. Mkiwalaumu waongoza ndege muulize kwanza walikuwa wangapi na walikuwa wamekaa hapo muda gani.

Mpiga Saketi:

Shikamoo mzee, na asante sana. Hilo la naiona ndo lililoua watu San Diego na kila anayefundishwa urubani angefaa alisome.

25 Septemba 1978, Boeing 727, ndege ya abiria ya shirika la PSA, inaingia San Diego, California. Mbele yake kuna Cessna 172, nayo iko kwenye somo vile vile, mwalimu na mwanafunzi, wanafanya mazoezi ya kushuka kwa kutumia vipimo badala ya macho, mwanafunzi kavishwa kizuizi cha kumziba asione nje. Waongoza ndege wakawaambia marubani wa 727 kuhusu ile Cessna, wakasema wanaiona. Baadae wakaipoteza. Wakaanza kuulizana wao kwa wao mle kokpiti iko wapi, wakaamini imeshapita, na kule mnarani hakuna aliyeelewa kwamba wameipoteza. Kwenye kituo cha waongoza ndege kengele ya hatari ya kugongana ililia sekunde 19 kabla, lakini kengele ile ilikuwa na tabia ya kulia lia bila sababu na hakuna aliyewaonya marubani. Ile Boeing ikaikanyaga Cessna kwa juu. Wakafa watu 135 ndani ya Boeing, 2 ndani ya Cessna, na 7 waliokuwa kwenye nyumba zao chini. 144.

Marubani wa Boeing walikuwa watu wa masaa mengi sana angani, na mwalimu alikuwepo. Sasa niambieni hapo uzembe wa mwanafunzi uko wapi.

Fundi wa Hanga:

Nijibu la mashine. Msafiri, unayoisema inaitwa TCAS. Inauliza ndege za jirani kwa mawimbi, na ndege ya jirani inajibu kwa kifaa chake kinaitwa transponda. Wamarekani walilazimisha iwekwe kwenye ndege za abiria baada ya ajali nyingine ya Cerritos, Los Angeles, 31 Agosti 1986, DC-9 ya abiria ya Aeroméxico na ndege ndogo aina ya Piper ziligongana, wakafa watu 82.

Ni kifaa kizuri mno ila kina mipaka miwili. Kwanza kama jirani transponda yake imezimwa, imeharibika, au haitoi urefu, yaani haisemi ndege iko juu kiasi gani, TCAS haina cha kukusaidia. Pili, ukiwa karibu na ardhi inanyamaza kwa makusudi. Chini ya kama futi 1,000 haikupi amri ya kupanda wala kushuka maana amri ya kushuka hapo itakupeleka kwenye paa la mtu, na chini ya futi 500 hata sauti haitoi. Sasa saketi ya wanafunzi iko futi ngapi? 1,000. Yaani kifaa kinaanza kukuachia pale pale ambapo ndege ndogo ndo zimejaa.

Msafiri wa Pwani:

Daah. Kwaiyo sehemu yenye msongamano ndo sehemu isiyo na kinga.

Kichwa Maji Moto:

Haya mimi hoja ya mwanafunzi naiachia, mmeieleza nikaelewa, nawashukuru. Lakini ndo mnazidi kunipa nguvu, kama macho hayatoshi, mashine haitoshi, mnara hautoshi, si wahame tu? Na usisahau wa chini. Malindi 10 Januari 2025, ndege ya mafunzo imeanguka Kwachocha barabara kubwa ya kwenda Mombasa, waliokuwemo ndani wamepona, watu watatu waliokuwa barabarani wamekufa. Hao walikosea nini? Mtu katoka nyumbani anatafuta riziki.

Dada wa Malindi:

Naomba niseme kitu kwa sababu huku ni kwetu. Ile siku hakuna aliyelala. Kiwanja chetu mji umekizunguka, ukisimama stendi za boda pale unaziona ndege zinapita chini kabisa unasoma hadi maandishi ya ubavuni. Watu wamezoea, watoto wanazipungia mkono. Baada ya ile ajali mama yangu mpaka leo akisikia muungurumo anatoka nje kuangalia juu. Mimi siwachukii wanafunzi, kuna vijana wa huku huku wamesomeshwa kwa kuuza mashamba, ila naomba wanaojenga nao waulizwe, nani alitoa vibali vya majengo na vibanda mpaka kwenye mdomo wa ranwei.

Mpiga Saketi:

Pole sana dada, poleni wote wa Malindi. Na hilo la vibali umelipiga penyewe. Wilson vile vile, zamani kilikuwa kiwanja cha nje ya mji, sasa hivi upande mmoja Lang'ata, upande mmoja Kibera, kusini ndo mbuga. Rubani akipoteza injini baada ya kupaa, sehemu ya wazi ya kuelekeza pua imebaki huko kwenye mbuga.

Sasa kuhama. Kaka Kichwa, wazee wetu waliliona hili. Shule ya marubani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani waliiweka Soroti, Uganda, mwaka 1971. Haikuwa Embakasi wala Entebbe wala Dar. Soroti kuna ranwei, kuna anga, na msongamano wa ndege za abiria hakuna, mwanafunzi anazunguka asubuhi mpaka jioni hamsumbui mtu. Jumuiya ikavunjika 1977, na kwetu sisi Wakenya na Watanzania urubani ukawa biashara ya vyuo binafsi, na chuo binafsi kitakaa kwenye wateja, mafundi na mafuta. Ndo Wilson.

Kwanini hawaondoki? Hela. Mwanafunzi analipa kwa saa ya injini kuwaka. Ukimwambia asifanye saketi Wilson aende Orly Air Park kule Kajiado, ile kwenda na kurudi yote inasoma kwenye mita na analipa yeye. Mzazi aliyeuza shamba atasema mnanila. Chuo kitakachoamua kuhama peke yake kitakimbiwa na wanafunzi waende kwa jirani aliyebaki. Kwaiyo hii haiwezi kuachiwa chuo kimoja kimoja, ni lazima mamlaka iamue kwa wote siku moja, na serikali iweke mkono kwenye kiwanja cha mafunzo chenye mafuta, hanga na gari la zimamoto.

Na kuna jambo ambalo naona halisemwi kabisa. Asubuhi. Wilson iko futi karibu 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko tayari ni nyepesi, jua likipanda inakuwa nyepesi zaidi, Cessna yenye watu wawili na mafuta saa nane mchana inapanda kwa shida unahisi unaisukuma kwa mgongo. Mchana tena kuna mawimbi ya hewa, mwanafunzi mpya anarushwa rushwa hajifunzi kitu. Kwaiyo waalimu wote wanataka asubuhi, hewa imetulia na injini ina nguvu. Sasa na mtalii anataka kuondoka saa ngapi? Asubuhi, awahi Mara, awahi bahari. Tunakutana wote saa zile zile. Angalia ile ajali ilitokea muda gani. Kabla hata ya kujenga kiwanja kipya, kupanga saketi na safari za abiria kwa zamu ndani ya saa zile za asubuhi kunawezekana bila kumwaga zege.

Mzee wa Mnarani:

Zamu inawezekana, nimewahi kufanya kazi kwa utaratibu wa namna hiyo, idadi ya ndege kwenye saketi inawekewa kikomo na ikifika hapo anayefuata anaambiwa subiri chini. Walimu watanuna, wanafunzi watanuna, injini inawaka na hela inakwenda. Inataka msimamizi ambae simu ya mkubwa haimbadilishi.

Na niwaambie, mnara peke yake sio dawa, na kukosekana mnara sio sababu pekee. Julai 2025 kule Kanada, Manitoba, karibu na mji wa Steinbach, wanafunzi wawili kila mmoja peke yake kwenye ndege yake, Cessna 152 na Cessna 172, wote wanafanya mazoezi ya kupaa na kutua, wakagongana wakati wote wawili wanakuja kutua. Hapakuwa na mnara, redio walikuwa nazo. Hapo hakuna ndege ya abiria, hakuna mtalii. Kwaiyo hata kwenye kiwanja cha wanafunzi watupu saketi inataka nidhamu ya kutangaza ulipo kila unapokata kona, na kuwa na masikio ya kumsikiliza mwenzako, sio kutangaza tu.

Mama wa Kitengela:

Nimesoma yote kimya kimya. Binti yangu amemaliza shule anataka urubani, ameshanikalia kichwani mwaka mzima. Baba yake amekataa baada ya ile ajali, mimi niko katikati. Naomba wanangu mnisaidie, nikienda kwenye chuo niulize nini? Maana nikifika wananionyesha picha za waliohitimu na sare nzuri, sijui cha kuuliza.

Mpiga Saketi:

Mama shikamoo. Swali zuri kuliko yote humu.

Picha za sare achana nazo. Omba kuonyeshwa ndege yenyewe ambayo binti ataruka, alafu muulize anayekutembeza: kwenye ndege hii kuna kifaa cha kuonyesha ndege jirani? Siku hizi kuna vipokezi vidogo vinapokea matangazo ya ndege nyingine na kuonyesha kwenye tableti, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na TCAS ya ndege kubwa. Kama hawana uliza mpango wao ni upi. Uliza transponda inafanya kazi na inatoa urefu? Wasikujibu kwa mdomo, kuna daftari la ndege ambalo mafundi wanaandika kila hitilafu, omba kuliona, huna haja ya kulielewa lote, angalia tu jinsi wanavyokupokea ukiomba. Chuo kinachojiamini kitakufungulia.

Alafu mwalimu. Uliza walimu wanakaa muda gani. Sehemu nyingi ualimu ni ngazi ya kupita, kijana anakusanya masaa ya kwenda kazi ya ndege kubwa, leo yupo kesho hayupo, na mwanafunzi anabadilishiwa mwalimu kila mara. Kubadilishiwa sio dhambi ila kama hakuna mwalimu mkuu mzoefu anayekaa na hao vijana, mimi mwanangu nisingempeleka. Uliza mwalimu mmoja anaruka na wanafunzi wangapi kwa siku, mwalimu wa saketi ya sita siku hiyo macho yake sio ya saketi ya kwanza.

Na uliza wakipata tukio, sio ajali, tukio, ndege mbili zimepitana karibu, wanafanya nini. Jibu la kwamba kwetu haijawahi kutokea liogope.

Fundi wa Hanga:

Mama na mimi naongeza moja, nenda asubuhi ile ndege ya kwanza inapotolewa. Mwangalie mwanafunzi anavyoizunguka. Anatakiwa aguse kila kitu, apande aangalie mafuta kwa macho na kijiti sio kwa geji peke yake, achuje kidogo kwenye chupa ya plastiki aangalie kama kuna maji, apitishe kiganja kwenye panga boi atafute mikwaruzo, atikise bawa la nyuma. Kama anazunguka dakika moja huku anachat na mwalimu anamuangalia tu, ondoka.

Kichwa Maji Moto:

Swali la mwisho toka kwangu. Hizi ripoti za uchunguzi zinatoka? Au ndo kamati zinaundwa basi.

Mpiga Saketi:

Utaratibu wa kimataifa uko wazi kaka. Nchi zote zilizosaini Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa usafiri wa anga, zinafuata Kiambatisho namba 13. Ripoti ya awali ndani ya siku 30, ya mwisho inatakiwa itoke ndani ya miezi 12, na kama haijakamilika itolewe taarifa ya maendeleo kila mwaka tarehe ile ile ya ajali. Nchi zilizotengeneza ndege nazo zina haki ya kuleta wawakilishi, kwa Dash 8 ni Kanada, kwa Cessna ni Marekani. Na kiambatisho kinasema wazi lengo ni kuzuia ajali nyingine, sio kugawa lawama. Hakuna anayekuzuia kuandikia wizara kuuliza iko wapi. Familia mbili zilizika watu wao kwa ile ajali, nami naona ni haki yao ripoti ijadiliwe hadharani na mapendekezo yake yafuatiliwe moja moja, lipi limefanyika, lipi bado, nani kakaa nalo mezani. Vyuo navyo viifanye ni somo darasani, wanafunzi waisome na waalimu wao kabla ya kupanda.

Mama wa Kitengela:

Asante sana wanangu, Mungu awabariki. Hii ya kijiti cha mafuta na daftari nimeandika. Kitu kimoja bado kinanisumbua, ataruka peke yake lini? Nani anaamua kwamba sasa yuko tayari? Anaweza kulazimishwa?

Mpiga Saketi:

Mama, PPL kiwango cha chini ni masaa 40 ya kuruka na ndani ya hayo yapo ya kuruka peke yake, lakini hakuna saa iliyoandikwa kwamba sasa lazima ashuke mwalimu. Mwalimu ndo anaamua, na mwanafunzi huwa haambiwi siku moja kabla. Mnafanya saketi kama kawaida, akiridhika anasema simama pembeni, anafungua mlango anashuka, anakuambia zunguka mara moja urudi. Binti akihisi hayuko sawa siku hiyo, hajalala, kichwa kinamuuma, ana mawazo, aseme hapana, na mwalimu anayestahili kuitwa mwalimu atazima injini warudi ofisini bila kumwuliza mara mbili. Hilo mwambie yeye mwenyewe kabla hajaanza, alijue toka nyumbani.